Shanga za kuvua

Jumatatu, Mtwara mjini

"Unataka za kuvaa?" dada wa dukani aliniuliza, mkono wake tayari umo kwenye droo.

"Hapana dada, za kuvua."

Nilijua nimeharibu kabla sijafunga mdomo. Wanawake watatu waliokuwa wakichagua vitenge waligeuka kwa pamoja, na mmoja alicheka mpaka akashika meza. "Basi mpe nyekundu," alimwambia muuzaji, "hizo zinavulika vizuri usiku." Nikajaribu kujieleza, nikazidi kuzama. Mwanamume mzima, peke yake, Jumatatu asubuhi, anachagua shanga moja moja kwenye mwanga wa mlangoni na kuzipima kwa rula ya mtoto wa shule. Hata mimi ningecheka.

Kisa chenyewe ni hiki. Wakati gesi ilipojaza wageni Mtwara, nilikuwa dereva wa mzee mmoja Mmarekani kutoka Alaska. Alikuwa fundi wa mabomba, mtu wa maneno machache mpaka umguse kwenye uvuvi. Siku ya kuondoka alinipa kopo dogo la plastiki lenye vyumba sita, na ndani yake shanga: za rangi ya machungwa, za waridi iliyofifia, nyekundu iliyokolea, na nyingine nyeupe kama maziwa yaliyotiwa tone la chai. Nikashukuru, nikidhani ni zawadi ya mke wangu. Akatikisa kichwa, akaomba karatasi, akaanza kuchora samaki.

Kwao yupo samaki anaitwa trauti, wa maji baridi yanayokimbia. Hata Tanzania yupo, aliletwa enzi za ukoloni akatiwa kwenye vijito vya milimani, ila huku kwetu Kusini maji ni ya uvuguvugu na hawezi kuishi. Mito ya Alaska ina pia samoni, ambaye hutoka baharini, akapanda mto na kutaga kwenye changarawe. Samoni anapotaga, mayai mengine hayatulii mahali pake, yanachukuliwa na mkondo. Trauti wanalijua hilo. Wanajipanga nyuma ya samoni kama kuku chini ya kinu, wakisubiri kitakachoruka.

Hapo ndipo ushanga unapoingia. Ni yai la uongo. Wanatumia wa milimita 6, 8 au 10, kulingana na samoni gani anataga wakati huo. Rangi nayo ina elimu yake: yai bichi linapenyeza mwanga na lina rangi ya machungwa, yai lililokufa linapauka na kuwa na ukungu. Kwa hiyo wavuvi wa huko, wanaume wenye ndevu zao, hukaa jioni wanapaka shanga rangi ya kucha ili zipate ukungu huo. Nilimwambia mzee kwamba huku angepata shida ya kueleza. Akasema hata kule anapata.

Lililonishangaza zaidi ni kwamba ushanga haugusi ndoana. Unapitishwa kwenye mshipi, kisha unabanwa kwa kijiti cha meno kilichosukumwa ndani ya tundu na kukatwa, juu kidogo ya ndoana, kama sentimita 5. Vidole vitatu. Ndoana yenyewe haina kitu. Trauti anafyonza yai, anagundua kwamba ni gumu, anatema. Wakati anatema, mshipi unateleza kando ya mdomo wake na ndoana inamshika kwenye kona ya taya kwa nje. Ukiuweka ushanga mbali zaidi ya hapo, ndoana haiji tena mdomoni, inakuja jichoni, kwenye matamvua au ubavuni, na samaki anayetakiwa kurudishwa majini anarudi akiwa na jeraha. Ndiyo maana Alaska wameliwekea sheria: ushanga uwe ndani ya inchi 2 kutoka kwenye ndoana, au uachwe utembee huru kwenye mshipi.

Kopo lile limekaa juu ya kabati kwa miaka. Wiki hii gari liko gereji, injini imeshushwa, na mimi sina cha kufanya mpaka Jumapili. Nikasema niende nalo kwa mjomba Mikindani, kisha Lindi kwa shemeji, nione kama samaki wa Kusini nao wanadanganyika. Za Alaska zilikuwa chache, ndiyo sababu ya kwenda dukani. Nilinunua nyuzi mbili za vioo, moja nyekundu na moja nyeupe, na pakiti ya shanga nene za plastiki zinazowekwa kwenye mapazia.

Naishi Shangani, mtaa wa hapa Mtwara mjini. Jina hilo nalo lilichekesha watu wa nyumbani jioni, sina la kuongeza.

Jumanne, Mikindani

Daladala, dakika ishirini hivi. Watalii huja hapa kuangalia Boma la Wajerumani la mwaka 1895 na nyumba yenye kibao cha Livingstone, aliyeanzia hapa safari yake ya mwisho ya bara mwaka 1866. Mimi nilikuja kumwona mtu aliyevua ghuba hii tangu hajabalehe.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Gari limekufa?"

"Limelala tu."

Mjomba alikuwa kivulini akikaza fundo kwa meno. Nikafungua kopo. Alizitazama shanga, akachukua moja ya rangi ya machungwa, akaiweka kwenye ulimi, akaitoa. "Haina chumvi wala harufu. Samaki ale nini hapa?"

Nikamweleza habari za mayai. Alisikiliza vizuri, mjomba si mtu wa kudharau. Alipoelewa alisema jambo ambalo ningelitilia maanani ningeokoa siku nzima: "Huko samaki anataga tambi, hayo mayai yako, na mwenzake anajua leo ni siku ya tambi. Hapa nani kamwambia changu kwamba leo kuna tambi?"

Hata hivyo alikuwa na vyake. Alinionyesha mshipi wa kuburuza nyuma ya ngalawa aliokuwa akiutumia kwa nguru: juu ya ndoana kafunga nyuzi nyeupe zilizochambuliwa kutoka kwenye gunia la sandarusi, na katikati kipande cha karatasi ya kung'aa ya pakiti ya biskuti. Hana jina la kitu hicho. Anakiita "pambo". Pambo linamwita samaki, alisema, lakini kwa nguru tu, kwa sababu nguru anakimbiza vinavyong'aa na hana muda wa kunusa. Kwa changu anataka ngisi, na ngisi wa leo.

Mkaza mjomba alikuja na bakuli la ming'oko ya kuchemsha, akaona shanga, akazimwaga kwenye kiganja bila kuomba ruhusa. Akazitenga kwa rangi. Nyekundu ndizo alizozishika muda mrefu.

Hapo nikakumbuka kitu nilichowahi kusoma. Misafara iliyotoka pwani kwenda bara ilibeba mizigo ya shanga kama fedha ya njiani. Richard Burton, aliyetoka pwani mwaka 1857, aliorodhesha aina zake kwa majina ya Kiswahili, na nyekundu zenye rangi ya marijani ziliitwa samesame. Anasema ziliitwa pia kwa jina lenye maana ya kumaliza chakula, kwa kuwa mtu alikuwa radhi atoe mlo wake azipate. Lakini kila nchi ilikuwa na rangi yake. Msafara uliobeba nyeupe ukafika penye watu wanaotaka nyekundu ulilala na njaa juu ya mzigo wake. Niliwasimulia pale. Mjomba akasema, "Umeona sasa," kana kwamba Burton alikuwa shahidi wake.

Usiku nilitayarisha mishipi. Tundu za shanga za vioo ni ndogo mno, kijiti cha meno hakipiti. Nikachomoa chelewa kwenye ufagio, nikaichonga kwa wembe, ikapita. Nilijiona fundi.

Jumatano, baharini

Tulitoka saa kumi na moja alfajiri, maji yakiwa yanatoka. Ni wakati wa tanga mbili, kusi imechoka na kaskazi haijaamka, na ghuba ilikuwa imelala kama mafuta kwenye sahani. Bamvua la mwezi mwandamo. Maji yalikimbia mlangoni mwa ghuba kwa nguvu, na mimi nikafurahi, kwa sababu mzee wa Alaska alisisitiza mkondo kuliko kitu chochote. Ushanga lazima utembee chini chini kwa mwendo wa maji yenyewe, usivutwe, usibaki nyuma. Yai halina miguu.

Mjomba aligawa chombo. Yeye kulia, mimi kushoto, nanga moja, mwamba mmoja.

Saa nzima ya kwanza nilivua Kialaska kamili: ushanga wa machungwa wa milimita 8, vidole vitatu juu ya ndoana tupu, chubwi dogo la kuzamisha mshipi. Sikupata hata mguso. Mjomba kwa ngisi wake alishatia changu wanne ndani na wa tano anapiga mkia. Hakusema kitu. Alianza tu kuimba kwa pua, jambo ambalo ni baya zaidi.

Kisha nikaguswa. Siyo kuvutwa, ni kitu kama mtu anayegonga meza kwa kijiko, tik, tik. Nikapandisha. Ndoana tupu, na ushanga ulikuwa umebaki nusu. Nusu kamili, umekatwa kama dengu iliyobanjwa, na kwenye ukingo wake alama mbili za meno.

"Bunju," alisema mjomba bila kugeuka.

Nikaweka mwingine. Safari hii alikuja mwenyewe, ndoana imemshika kidevuni. Alipotolewa majini akaanza kujaza tumbo, akawa mpira wenye macho ya hasira, na ule mdomo wake wa sahani nne za meno ukaendelea kusaga hewa. Unaweza kusikia. Ni kama mtu anayetafuna barafu chumba cha pili. Bunju ana sumu, hatumli, na hata kumshika hupendi. Mjomba alimgeuza kwa kisu, akamng'oa, akamrudisha, akaenda zake akielea tumbo juu mpaka alipopumua akazama.

Baada ya bunju walikuja kikande wawili, mmoja baada ya mwingine. Sasa ukiwatazama samaki hawa unaelewa. Bunju na kikande ni samaki wa kuvunja: wanakula konokono, kaa, urchini wa miiba, vitu vyenye ganda. Kitu cha mviringo na kigumu kinachopita chini kwao si yai, ni ganda lenye nyama ndani. Nilikuwa na chambo kizuri cha samaki nisiowataka.

Nikasalimu amri nusu, nikatia kipande cha ngisi kwenye ndoana na kuuacha ushanga mwekundu juu yake. Hapo nikapata changu. Lakini changu huyo alipofika juu niliona aibu. Ndoana ilikuwa imeingia nyuma ya tamvua, kwa nje, na damu inatiririka kwenye mkono wangu. Nikaangalia mshipi. Ushanga haukuwa kwenye vidole vitatu tena, ulikuwa umepanda shibiri nzima. Kijiti cha meno ni mti laini, ukilowa unavimba na kubana. Chelewa ni ngumu na inateleza, ukilowa inazidi kuteleza. Ufundi wangu wa usiku ulikuwa umelegea tangu dakika ya kwanza. Kwa huku kwetu changu aliyeshikwa ubavuni anapikwa sawa na aliyeshikwa mdomoni, na mjomba alishangaa ninachosikitikia nini. Mimi nilikuwa namwona mzee wa Alaska akipima kwa vidole.

La mwisho lilikuwa baya kuliko yote. Kitu kizito, si mwamba, kilivuta mara tatu kwenda chini, mjomba akaacha kuimba, na mshipi ukakatika. Nilipouvuta ulikuja na ncha safi, imekatwa palepale ulipokuwa ushanga. Mjomba alichukua ushanga mmoja wa kioo uliobaki kwenye kopo, akapitisha ukucha kwenye mdomo wa tundu. "Wembe," akasema. Kioo cha bei rahisi hakijasuguliwa tundu lake. Kiunoni haina shida kwa sababu uzi hauvutwi. Baharini umejitilia kisu kwenye mshipi wako mwenyewe.

Hesabu ya siku: mjomba changu tisa na chewa mdogo. Mimi changu mmoja, kikande wawili, bunju, na hadithi ya samaki nisiyemwona.

Alhamisi, njiani kwenda Lindi

Basi lilijaa gunia za korosho na abiria wakabaki pembeni. Mnazi Mmoja nilikunywa dafu. Msimu wa mabibo umeanza, barabara nzima inanukia. Lindi jioni, kwa shemeji, wali na kamba wa nazi. Mimi ni Mmakonde, shemeji ni Mmwera, kwa hiyo saa mbili za kwanza ni utani na hakuna cha maana kinachosemwa.

Mpwa wangu yupo nyumbani, aliwahi kusomea uvuvi Nyegezi, Mwanza. Nikamwonyesha nusu ya ushanga uliokatwa na bunju. Alicheka, kisha akanieleza nilichopaswa kukijua kabla ya kupanda ngalawa. Changu, chewa na wengi wa mwambani hawatagi chini. Wanamwaga mayai majini yakaelea na mkondo, na kila yai halizidi milimita moja hivi, jeupe kama maji yenyewe. Hakuna samaki pale anayesubiri yai la ukubwa wa dengu, kwa sababu halijawahi kupita.

"Sasa maji baridi?" nikamuuliza. "Perege?"

Akafikiri. "Perege ni habari nyingine, anko. Twende Rutamba kesho."

Ijumaa, Ziwa Rutamba

Tuliondoka baada ya swala, pikipiki mbili, tukaiacha lami na kula vumbi mpaka kope zikabadilika rangi. Rutamba liko ndani huko, karibu na msitu wa Litipo. Ni ziwa dogo. Wataalamu wa samaki wanalijua kuliko sisi wa mikoa hii, kwa sababu ndani yake yupo perege wa aina inayoitwa korogwe, jina la mji mmoja wa mkoa wa Tanga, na mpaka leo watu wanajadili alifikaje mbali hivyo na nduguze wa kaskazini. Tulijitambulisha kwa wenyeji, tukaomba ruhusa, tukaonyeshwa pa kusimama. Nikauliza habari za mamba, nikajibiwa kwa kicheko ambacho hakikunisaidia.

Vijana wawili walikuwa wakitoa mgono. Ndani kulikuwa na perege sita au saba, na mmoja jike mwenye kidevu kilichotuna kama mtu aliyebugia maandazi. Mpwa alisema haraka, "Msimbane!" Akachovya ndoo, akamweka jike kwa upole, akambonyeza chini ya taya kwa kidole gumba.

Yakamwagika mayai.

Sikuwahi kuona. Yalitoka mengi, ya njano iliyokolea kuelekea machungwa, si mviringo kamili bali yamechongoka upande mmoja kama peasi, yakatua chini ya ndoo yakajikusanya. Nikachukua ushanga mdogo kabisa wa Alaska, wa milimita 6, nikauweka pembeni yao ndani ya maji. Rangi ilikuwa karibu ileile. Lakini ushanga ulikuwa mkubwa mara mbili na zaidi, umekaa pale kama boga katikati ya machungwa.

Mpwa akaeleza akiwa amechuchumaa, vijana nao wakisikiliza. Jike wa perege huyu akishataga anaokota mayai yote na kuyatunza mdomoni mpaka yaanguliwe, na siku zote hizo hali, au hula kidogo sana. Ndiyo maana humpati kwa ndoana, utampata kwa mgono au wavu. Kisha akasimulia habari za furu wa Ziwa Victoria, na hiyo ndiyo iliyonikalisha chini. Dume la furu lina madoa ya njano au ya machungwa kwenye pezi la chini, ya mviringo, mfano wa mayai. Jike akitaga anageuka kuokota mayai yake, anaona madoa, anadhani ni mayai aliyoyasahau, anasogeza mdomo kuyaokota, na hapo dume anamwaga mbegu. Mayai yanarutubishwa ndani ya mdomo wa jike.

"Kwa hiyo wewe na mzee wako," mpwa alisema, "mmechelewa. Furu alishavaa shanga."

Jike yule tulimrudisha pamoja na ndoo yake yote, taratibu, pembeni kwenye majani. Kama aliyaokota tena mayai yake sikuona, maji yalikuwa yamechafuka.

Jioni tulitembea ukingoni, jua limelala, na kwenye maji ya kina cha goti mpwa alinionyesha mashimo. Ya duara, mapana kama ungo, mchanga wake umefagiliwa. Kila moja lina dume lake, anazunguka, anamfukuza jirani, anarudi katikati. Mbali kidogo jirani anafanya vilevile. Ukitazama sana unaanza kuona mtaa.

Jumamosi, Rutamba, kisha nyumbani

Saa kumi na mbili nilikuwa nimesimama mita kama nne kutoka kwenye shimo la karibu, nyuma ya majani. Ushanga wa plastiki wa machungwa, wa Alaska, kijiti cha meno cha kweli, vidole vitatu, ndoana ndogo tupu. Hakuna mkondo hapa, kwa hiyo nilitupa nyuma ya shimo na kuvuta polepole mpaka ushanga ukaporomoka ndani ya ungo na kukaa katikati.

Dume alikimbia kwanza. Akarudi. Akasimama juu yake akiwa ameinamisha kichwa, mapezi yakitetemeka kidogo, kama mama mwenye nyumba aliyekuta kiatu mezani. Akaushika kwa midomo. Nikashikwa na haraka, nikavuta, ukamtoka. Nikarudisha. Safari ya pili nilisubiri. Akaushika, akageuka, akaanza kuogelea kuelekea ukingo wa shimo lake akiwa ameubeba, na hapo nikaelewa kwamba hali, wala hadhani ni yai. Anatoa uchafu. Alipofika ukingoni akautema nje ya ungo, na wakati anatema mshipi ukapita kando ya mdomo wake kama ilivyochorwa kwenye ile karatasi. Nikanyanyua mkono tu.

Ndoana ilimshika kona ya taya, kwa nje, palepale. Nilimtazama muda mrefu kuliko anavyostahili perege wa ukubwa wa kiganja. Hila iliyotungwa kwa samaki wa maji ya barafu, mwenye njaa ya mayai, ilikuwa imemnasa huyu kwa sababu nyingine kabisa, usafi.

Mpwa hakufurahi. "Shimo lake sasa litavamiwa," alisema. Mmoja wa vijana wa jana, aliyekuja kutazama, naye alisema bibi yake huwakataza kuvua wanaofagia. Nikajibu kwamba nimeshamtoa. Tulimchoma, tukamla na chumvi na limau, alikuwa mtamu, na sikutupa tena mshipi kwenye mashimo yale. Niliwaachia vijana shanga mbili wachezee. Baada ya dakika tano zilikuwa chambo cha ugali: wamefinyanga ugali kuzunguka ushanga ili usimomonyoke haraka majini. Sikuwafundisha mimi hilo.

Mchana basi, Mnazi Mmoja, dafu tena. Alasiri nilishuka Mikindani kumuaga mjomba.

Nilimkuta palepale kivulini. Alikuwa ametoka tena baharini Alhamisi, na mshipi ulikuwa umetandazwa kwenye mkeka. Nilipoinama kusalimia niliona ushanga mmoja mnene wa plastiki, wa zile za mapazia, umekaa kati ya chubwi na fundo la juu ya ndoana. Niliziacha kwenye mkoba wake bila kukumbuka.

"Mjomba, umeanza pambo la changu?"

"Pambo gani." Akanisogezea mshipi. Chubwi lake ni la kutoboa katikati, linapanda na kushuka kwenye mshipi, na kila likishuka linagonga fundo. Baada ya siku mbili tatu fundo linalika, anakata, anafunga upya, miaka yote. Sasa chubwi linagonga ushanga, ushanga unagonga fundo kwa ulaini. Alinipa lenzi ya mkono wangu mwenyewe, yaani kidole: nipitishe. Fundo la Alhamisi lilikuwa laini kama limefungwa sasa hivi.

"Tundu lake nimelisugua kwanza kwa uzi na mchanga," akasema. "Si kama wewe. Zimebaki ngapi?"

Zilibaki kumi na moja. Akazihesabu, akazifunga kwenye pembe ya shuka. Za Alaska hakuzitaka, alisema ni ndogo. Zile nyekundu za kioo zilizobaki mkaza mjomba alikuwa ameshazichukua tangu Jumatano usiku, na sikuthubutu kuuliza ziko wapi.

Nyumbani nilifika saa mbili usiku. Mke wangu alifungua begi atoe nguo za kufua, akauona uzi mweupe, mzima, haujaguswa.

"Nyekundu ziko wapi?"

"Zimekwenda kwa mkaza mjomba."

"Za kuvua?"

"Hapana," nikasema. "Hizo za kuvaa."

Alinitazama kidogo, akauchukua ule mweupe, akaenda nao chumbani.